Kimelea cha Kifua Kikuu Kinavyoishi kwa Mafuta ya Mwili, na Sababu ya Dozi ya Miezi 6

Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza dawa Mpanda au kwingineko mkoani Katavi kwa kawaida hupata nafuu baada ya wiki chache: homa hushuka, jasho la usiku hukoma na hamu ya chakula hurejea. Hata hivyo, matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Sababu mojawapo ni namna kimelea cha ugonjwa huu kinavyojilisha na kujificha mwilini.

Kimelea hicho, ambacho Robert Koch wa Ujerumani alitangaza ugunduzi wake tarehe 24 Machi 1882, huingia mapafuni kwa njia ya hewa na kumezwa na seli za kinga. Vimelea vingine hufa. Vingine huendelea kuishi ndani ya seli ileile iliyovimeza, vikitumia mafuta na lehemu yake kupata nguvu na kujijenga. Mwaka 2000 watafiti walionesha kwa panya kuwa kimelea kilichonyimwa kimeng'enya kimoja cha kutumia mafuta huzaliana vizuri mwanzoni, kisha hushindwa kudumu mara kinga ya mwili inapoamka. Mwaka 2008 ilibainika kuwa uwezo wa kufyonza lehemu nao ni nguzo ya kudumu huko.

Seli zilizovamiwa hujaa matone ya mafuta hadi kuonekana kama povu katika hadubini. Humo kimelea hujiwekea akiba, hupunguza kasi ya kuzaliana na kuwa kama kimesinzia. Dawa huua upesi kimelea kinachokua. Kilichosinzia huchelewa kufa. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa 4 kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4, ingawa kikohozi huwa kimekwisha zamani.

Mgonjwa asielewe kwamba aache mafuta ya kula. Mafuta yanayozungumzwa ni ya seli zenyewe, na mwenye kifua kikuu anahitaji lishe bora kurejesha uzito.

Kwa Katavi, suala hili linawagusa hasa wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwamo wa maeneo kama Dirifu na Ibindi. Vumbi la mawe yenye silika hudhoofisha seli zilezile za kinga zinazopaswa kuua kimelea. Aidha, kazi hiyo ni ya kuhamahama. Anayeondoka machimboni mwezi wa 3 akijiona mzima huweza kuondoka na vimelea vilivyosinzia, ugonjwa ukarudi, pengine ukiwa sugu kwa dawa. Anayehama anapaswa kukiarifu kituo chake kabla ya safari, apewe barua ya kuendelea na matibabu aendako.

Uchunguzi wa makohozi na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, jasho la usiku au kupungua uzito anatakiwa kufika kituo kilicho karibu.