Nusukaputi

Kiswahili kiliipa dawa ya kulaza mgonjwa wa upasuaji jina la kutisha: nusukaputi, yaani nusu kufa. Lakini kutaka mgonjwa asisikie kisu si jambo tuliloletewa na meli. Mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga wa Bunyoro, Uganda, akimpasua mama ili kumtoa mtoto. Mama alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalegea. Kidonda kilikuwa kimepona kufikia siku ya 11.

Hiyo ndiyo stori niliyompa nyanya hapa Silanga, mpwa wangu alipoambiwa atolewe mafindofindo. Usingizi wa dawa ulimtisha nyanya kuliko kisu. Alitaka mtoto akatwe akiwa macho, kama watoto wa kwao walivyokatwa vilimi: ashikwe tu, dakika moja imeisha.

Hofu yake ina msingi. Etha, iliyoonyeshwa Boston mwaka 1846, ililaza watu kweli, ila wengi waliamka wakitapika, vichwa vizito. Propofoli, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1986, hulaza kwa sekunde na huisha upesi. Watoto wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Akiwa amelala, mpira wa kupumulia hupitishwa kooni ili damu isiingie mapafuni.

Tusidanganyane: koo lenyewe litauma wiki moja hadi mbili, ulale usilale. Kinachoharakishwa ni kuamka. Kwa hivyo usiulize tu nani atashika kisu. Uliza nani atakaa akichunga pumzi mpaka mtoto afungue macho.