Kitanda Kilichopotea Kwenye Hesabu

Eastlands chumba hakielezwi kwa mita. Kuanzia Mathare hadi Kayole, keja ya mabati ni "ten by ten", basi. Mwenye ploti anasema hivyo, fundi anasema hivyo, na mpangaji analipa. Swali langu ni moja: hiyo kumi ni kumi gani?

Hesabu za kidato cha tatu zina jibu, kwenye mada ya makadirio na makosa. Kipimo kikikadiriwa hadi futi nzima iliyo karibu, kumi ina kikomo cha chini, 9.5, na kikomo cha juu, 10.5. Kwa ukuta mmoja tofauti ni futi moja tu. Lakini chumba kina urefu na upana, na ukizidisha, kosa nalo linakua. 9.5 mara 9.5 ni futi mraba 90.25. 10.5 mara 10.5 ni 110.25. Vyumba viwili vyenye jina moja vinaweza kupishana kwa futi mraba 20. Kitanda cha tatu kwa sita kinachukua 18. Pengo lenyewe ni kitanda kizima, bana.

Na kitanda ndicho jiji hili lilitumia kutupimia. Serikali ya kikoloni ilipopanga makazi ya Waafrika upande huu, kuanzia Pumwani miaka ya 1920, ilimchukulia mfanyakazi kama mwanamume aliyeacha familia kijijini. Mitaa mingi ya manispaa ilihesabiwa kwa nafasi za kitanda. Kaloleni ya miaka ya 1940, iliyojengewa familia, ilikuwa kitu cha pekee. Mishahara ilifuata hesabu hiyo hiyo: mwaka wa 1954 Kamati ya Carpenter ilikiri kwamba kima cha chini kilikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, ikapendekeza kipandishwe polepole hadi kitoshe familia.

Ndiyo maana nasema msongamano wa mitaa yetu haukutokana na watu kuzaana ovyo tu, kama wengine wanavyodai. Walichukua kikomo cha chini cha watu, wakazidisha na kikomo cha chini cha mshahara, jibu wakaliita nyumba. Mama na watoto walikuwepo tangu mwanzo. Walikuwa upande wa juu wa hesabu, ule ambao hakuna aliyeuandika.

Kwa hivyo ukiambiwa ten by ten, toa tepu. Pima kuta zote mbili.