Kit Mikayi: Jiwe la mke wa kwanza lahitaji wazee wake

KIT Mikayi ni rundo la majabali lililoko Seme, Kaunti ya Kisumu, yapata kilomita 29 magharibi mwa jiji la Kisumu, kando ya barabara iendayo Bondo. Majabali hayo yamepandiana hadi kimo cha takriban mita 40, na katikati yake mna mapango na vijia vyembamba. Kwa Kijaluo, jina hilo lina maana ya jiwe la mke wa kwanza.

Katika mitaa ya Kaloleni na Makongeni, Eastlands jijini Nairobi, ambako familia nyingi kutoka Nyanza zilifanya makao tangu enzi za kazi ya reli, jina hilo halihitaji mfasiri. Masimulizi yake, hata hivyo, hayafanani. Yanayojulikana zaidi yanamhusu mzee Ngeso, aliyelipenda jiwe hilo kupita kiasi. Kila alfajiri aliingia pangoni akashinda humo mchana kutwa, na mkewe akalazimika kumpelekea kiamshakinywa na chakula cha mchana huko huko. Watu walipomuuliza mama huyo aliko mumewe, alijibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Wengine husimulia kuwa ni mikayi mwenyewe aliyekimbilia mwambani mumewe alipooa mke wa pili, na kwamba angali analia.

Aidha, wenyeji huyasoma majabali hayo kama boma la Mjaluo mwenye wake wengi: liko la mikayi, la nyachira ambaye ni mke wa pili, la reru ambaye ni wa tatu, na hata simba, nyumba ya mwana wa kiume. Ni ramani ya jamii iliyosomwa juu ya mawe ambayo hakuna mkono uliyoyapanga.

Wanajiolojia wana maelezo yao. Mawe mengi ya kujengea nyumba Nairobi, yakiwemo yachimbwayo Njiru, yalitokana na majivu ya volkano yaliyoshikamana. Ya Seme ni itale, mwamba mgumu uliopoa polepole chini ya ardhi, ukapasuka nyufa. Maji yaliula mwamba kupitia nyufa hizo, kisha mmomonyoko ukaondoa udongo na kuyaacha majabali wazi yakiwa yamebebana.

Umuhimu wa mahali hapa hauko katika ukubwa wa mawe pekee. Njaa au balaa ilipoingia, wazee waliiongoza jamii kwenda kutoa sadaka na kuomba mvua; mavuno yalipokuwa mema, watu walirudi kushukuru kwa nyimbo na ngoma ya dodo. Waumini wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Wakatoliki miaka ya 1960, nao huenda huko kusali na kufunga.

Mwezi Desemba 2019, kamati ya UNESCO iliyokutana Bogotá, Colombia, iliziingiza mila na desturi za Kit Mikayi katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura. Neno dharura lilitumiwa kwa sababu: wazee wenye ujuzi wa ibada hizo wanapungua, vijana wachache wanajifunza, na shughuli za watu zimelikaribia eneo takatifu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulichanganya. Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyoko Kaunti ya Migori, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, na kilichotambuliwa huko ni kuta zenyewe. Kwa upande wa Seme, kilichoorodheshwa si mwamba bali ni yale yanayotendwa na watu mwambani. Uzio na lango vyaweza kulinda majabali. Haviwezi kumfundisha kijana maneno ya kuombea mvua wala hatua za dodo. Kazi hiyo ingali mikononi mwa wazee na akina mama wa Seme, ambao wengi wao umri umesonga.