Neno "Lami" na Barabara Kuukuu: Tatizo la Istilahi

Wilaya ya Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, sehemu kubwa ya barabara za pande zote mbili ilikuwa ya udongo na changarawe. Barabara ya namna hiyo ikiharibika, greda huichonga: hurudisha katikati changarawe iliyosukumwa pembeni, nayo humwagiwa maji na kushindiliwa. Basi kutumia upya kilichochakaa si jambo geni huko, wala halikupata kuleta utata wa lugha, kwani changarawe ni changarawe, iwe mpya au kuukuu.

Lami haiko hivyo. Mwaka 2017 ilizinduliwa barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene, yenye urefu wa kilometa 59.1. Uso wa barabara hiyo, kama wa nyingine zote, utachakaa, na mafundi watauliza kama yafaa kuukwangua na kuutumia tena. Siku hiyo waraka wa kazi utaandikwa kwa Kiswahili, na neno "lami" peke yake halitatosha.

Historia yaonyesha sababu. Mwaka 1902 Mwingereza Edgar Purnell Hooley alipata hataza ya kuchanganya lami ya makaa ya mawe na mabaki ya tanuri za chuma. Baadaye lami hiyo iliachwa polepole, na mahali pake pakashikwa na masalio mazito ya mafuta ghafi, yaani bitumini. Kiswahili kiliviita vitu vyote viwili "lami". Kisha kikauita hivyo hivyo mchanganyiko mzima wa kokoto, mchanga na bitumini. Neno moja likabeba vitu vitatu.

Utata huu haukudhuru mradi kilichokuwapo ni kutandika barabara mpya tu. Lakini mwaka 1973 mataifa ya Kiarabu yalizuia mafuta, na bei ya pipa ikapanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Wahandisi wa Marekani wakaanza kwa bidii kukwangua barabara kuukuu na kuzirejeleza kwa moto. Kokoto mpya hupashwa moto mkali, nazo huyeyusha kifusi cha zamani bila ndimi za moto kukigusa, maana kikiguswa huungua na kutoa moshi. Kwa kuwa bitumini iliyokaa hewani hukakamaa, huongezwa bitumini mpya iliyo laini zaidi.

Tutoe mfano. Fundi ataka tani moja ya mchanganyiko wenye bitumini asilimia 5, na asilimia 30 ya mchanganyiko huo iwe kifusi cha zamani. Ikiwa kifusi hicho nacho kina bitumini asilimia 5, kilo zake 300 zitaleta kilo 15, na zitakazoongezwa ni 35 tu. Sasa mfasiri akiandika "tumia lami kuukuu asilimia 30 na lami mpya asilimia 5", msomaji ataongeza kilo 50. Uso wa barabara utakuwa na bitumini ya ziada, utalainika juani na kufanya mifuo chini ya magurudumu ya malori. Kwa Karagwe hasara hiyo si ndogo, kwani bandari ya Dar es Salaam iko mbali kwa zaidi ya kilometa 1,000.

Iko na hatari ya afya. Lami ya makaa ya mawe, ikipashwa moto, hutoa mvuke wenye kemikali zinazosababisha saratani. Haifai kurejelezwa kwa njia hii. Waraka usiobagua lami na lami hauwezi kumlinda kibarua.

Kwa hiyo twapendekeza hivi. "Bitumini" liwe jina la kinata kitokanacho na mafuta ghafi. "Lami ya makaa" libaki kwa kile cha makaa ya mawe. "Zege la lami", ambalo mafundi wetu wanalo tayari, liwe jina la mchanganyiko. Na "kifusi cha lami" kiwe kile kilichokwanguliwa. Kazi yenyewe iitwe "urejelezaji wa moto", kutokana na kitenzi "kurejeleza" kilichokwisha kuzoeleka katika habari za taka. "Lami" lenyewe tusilifukuze: libaki neno la watu wote, wasemapo kwamba barabara imefika kijijini kwao. Katika mikataba na vitabu vya mafunzo, hata hivyo, kila kitu kiitwe kwa jina lake.