Tiketi ya msimu: unanunua kiti au unanunua kalenda ya TV?

Wiki hii pale vimbwetani watu wameacha kusoma madesa, wanabishana. Swali ni hili: yule Mwingereza anayetoa mamia ya pauni kila mwaka kununua tiketi ya msimu mzima, halafu TV inakuja kumhamishia mechi kutoka Jumamosi kwenda Jumatatu usiku, ni shabiki lialia au ni mtu anayeibiwa mchana kweupe? Kuna kaka mmoja wa Uhasibu kasema ni hasara tupu. Dada mmoja wa Sosholojia akamjibu kwamba mapenzi hayapigiwi hesabu. Mimi kama mwalimu mtarajiwa wa Historia nimeona nisibishe kwa mdomo, niandike. Sisi tunafundishwa kwamba ukitaka kujua kitu kina thamani gani leo, uliza kwanza kilianzaje.

Kwa wasiojua, tiketi ya msimu ni hivi: unalipa mara moja kabla ligi haijaanza, unapewa kiti chako, na unaingia mechi zote za nyumbani. Ligi Kuu ya England ina timu 20 tangu msimu wa 1995/96, kwa hiyo ni mechi 19 za ligi. Mara nyingi pesa inatakiwa hata kabla ratiba haijatoka mwezi Juni. Yaani unalipia siku ambazo huzijui bado.

Zamani haikuwa na shida, kwa sababu siku zilijulikana. Mechi ilikuwa Jumamosi saa 9 alasiri (kwa saa za kwao), basi. Na hiyo saa 9 haikushuka kutoka mbinguni. Sheria ya Viwanda ya 1850 iliamuru kwamba wanawake na vijana kwenye viwanda vya nguo waache kazi Jumamosi saa 8 mchana. Kiwanda hakiwezi kwenda bila hao, kwa hiyo taratibu na wanaume nao wakapata nusu siku yao. Mfanyakazi anatoka saa 8, anapitia nyumbani au kilabuni, saa 9 yuko uwanjani. Ligi ilipoanza mwaka 1888 ilikuwa na timu 12, zote za miji ya kaskazini na katikati ya England, miji ya viwanda na ya wafanyakazi: Preston, Blackburn, Bolton, Burnley, Stoke na wenzao. Mwanahistoria E. P. Thompson aliandika makala maarufu mwaka 1967 kuonyesha jinsi kiwanda kilivyomfundisha Mwingereza kuishi kwa kufuata saa ya ukutani. Mimi naongezea hapo: soka la Jumamosi saa 9 lilikuwa ni kipande cha saa hiyo ambacho mfanyakazi alikirudisha mikononi mwake. Tiketi za msimu zilikuwepo tangu karne hiyo ya 19, ingawa watu wengi walilipa tu getini siku ya mechi. Aliyenunua alijua kabisa anachonunua, yaani Jumamosi zake.

Sasa TV inaingiaje? Kwanza ziliingia taa. Mechi ya kwanza ya ligi kuchezwa chini ya taa ilikuwa Portsmouth na Newcastle, Februari 1956. Uwanja ukiwa na taa, mechi inaweza kuwa saa yoyote. Septemba 1960 kituo cha ITV kikaonyesha mechi ya ligi moja kwa moja, Blackpool na Bolton, na mechi ikasogezwa jioni ili iende sawa na TV. Mpango ule ukafa haraka, kwa sababu wenye klabu waliogopa watu watabaki nyumbani na mapato ya getini yataanguka.

Kutokana na woga huo ikazaliwa sheria ambayo ipo mpaka leo, na mtu anayetajwa sana katika hilo ni Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley wa wakati ule. Sheria inasema Jumamosi kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni hakuna mechi kuonyeshwa moja kwa moja ndani ya Uingereza. Lengo lilikuwa zuri: kumlinda anayekwenda uwanjani, na kuzilinda timu ndogo ambazo zinaishi kwa kiingilio.

Lakini hebu tuliangalie jambo hili vizuri wadau. Kama saa 9 Jumamosi hairuhusiwi kuonyeshwa, basi TV ikiitaka mechi yako ni lazima iitoe kwenye saa 9 Jumamosi! Ile ngao iliyowekwa kumlinda shabiki ndiyo hiyo hiyo inayomhamishia mechi yake. Ilivyokuwa mechi chache tu haikusumbua. Oktoba 1983 mechi za moja kwa moja zikarudi, ya kwanza Tottenham na Nottingham Forest siku ya Jumapili, na mpango ulikuwa mechi 10 tu kwa msimu. Mechi 10 kwa nchi nzima ni chumvi kidogo kwenye mboga.

Mambo yaligeuka kati ya 1989 na 1994. Tarehe 15 Aprili 1989 ilitokea maafa ya Hillsborough, ambapo mashabiki 97 wa Liverpool walipoteza maisha (wa mwisho kuhesabiwa alifariki 2021). Ripoti ya Jaji Taylor ya Januari 1990 ikataka viwanja vikubwa viwe vya kukaa vitini, na timu za madaraja mawili ya juu zikatekeleza kufikia 1994. Ilikuwa hatua ya kuokoa maisha ya watu, sina ubishi nayo. Ila matokeo yake, pale waliposimama watu wawili sasa anakaa mmoja. Viti vikawa adimu, bei zikapanda, ule mtindo wa kwenda tu getini na hela mfukoni ukaanza kufa. Ukitaka uhakika wa kuingia, nunua tiketi ya msimu.

Miaka ile ile, 1992, Ligi Kuu mpya ikaanza na mkataba wa TV wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano, mechi 60 kwa msimu. Wiki ya kwanza kabisa, Jumatatu tarehe 17 Agosti 1992, Manchester City na QPR wakacheza usiku ili TV iwe na kipindi cha Jumatatu. Sasa unganisha mambo hayo mawili. Tiketi ya msimu ikawa ya lazima katika miaka ile ile ambayo siku za mechi zilianza kuhamahama. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha ubishi wetu wote: kilichomlazimisha mtu kuinunua na kilichomzuia kuitumia viliingia kwa mlango mmoja.

Na hali imezidi kukua. Mkataba wa TV za ndani wa 2016 hadi 2019 ulifika pauni bilioni 5.136. Ulioanza msimu wa 2025/26 ni wa miaka minne, pauni bilioni 6.7, na mechi zinazoweza kuonyeshwa ni hadi 270 kati ya 380 za msimu. Saa 9 Jumamosi imekuwa ni ya mabaki. TV huchagua mechi zake kwa mafungu, wiki kadhaa kabla. Muuguzi mwenye zamu, dereva wa basi, mzazi mwenye watoto wa shule, hao wote wanapanga maisha yao kwa penseli.

Haya tuje kwenye hesabu za kaka wa Uhasibu. Chukulia tiketi ya msimu ni pauni 760 (mfano tu wa kuelewana). Gawa kwa 19, kila mechi ni pauni 40. Chukulia tiketi ya mechi moja moja ni pauni 50. Inaonekana umeokoa pauni 10 kila mara, safi. Sasa TV ikihamisha mechi na wewe ukakosa tatu, umehudhuria 16, kila moja imekugharimu pauni 47.50. Bado uko salama. Ukikosa nne tu, 760 gawa kwa 15 ni karibu pauni 51. Umeshapata hasara. Yaani punguzo lote unalojivunia linaisha kwa mechi nne zilizohamishwa, na TV inahamisha zaidi ya nne. Klabu nyingi zina utaratibu wa kurudisha kiti kiuzwe kwa mwingine ili upate sehemu ya hela yako, ila kiti kikipata mteja. Na baadhi ya klabu sasa zinadai uhudhurie idadi fulani ya mechi, la sivyo msimu ujao hupewi nafasi.

Kwa hiyo kaka wa Uhasibu kashinda? Hapana, subirini kidogo. Mbona watu bado wanapanga foleni kwa miaka kuipata? Kwa sababu hawanunui mechi 19. Wananunua mahali pao. Jirani wa kiti kwa miaka 20 anakuwa ndugu, anajua mama yako alifariki lini na mtoto wako yuko darasa la ngapi. Ukiacha mwaka mmoja, kiti kimekwenda, foleni unaanza mwisho. Klabu inalijua hilo vizuri, ndiyo maana inaweza kuuza kitu kinachopungua matumizi kwa bei inayopanda.

Lakini shabiki naye ana nguvu ambayo mara nyingi haijui. Tarehe 6 Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool waliondoka Anfield dakika ya 77, kupinga tiketi ya pauni 77. Siku chache baadaye wamiliki wakaomba radhi na kuufuta mpango huo. Msimu uliofuata klabu za Ligi Kuu zikaweka kikomo cha pauni 30 kwa tiketi za ugenini. Ujerumani walikwenda mbali zaidi. Msimu wa 2017/18 ligi yao ilianza kuweka mechi chache za Jumatatu. Februari 2018 mashabiki wa Eintracht Frankfurt, timu yao ikicheza na Leipzig, wakarusha mipira ya tenisi uwanjani. Novemba mwaka huo huo klabu zikaamua Jumatatu zifutwe kuanzia 2021/22, na zikafutwa kweli. Kule sheria ya 50+1 inawapa wanachama wengi wa kura ndani ya klabu nyingi, kwa hiyo malalamiko ya jukwaani yana pa kwenda.

Na mwaka 2020 ulitoa ushahidi wa mwisho. Tarehe 17 Juni ligi ya England ilirudi baada ya corona, viwanja vitupu. TV zikaweka kelele za bandia za mashabiki. Jiulizeni, kama mtu wa jukwaani si muhimu, kwa nini sauti yake ilibidi iigizwe? Mwenye tiketi ya msimu ni sehemu ya kipindi chenyewe. Anachangia kukitengeneza, halafu analipa badala ya kulipwa.

Sasa tusijifanye tuko mbali. Kwa mzunguko wa 2022 hadi 2025 haki za matangazo za nje ya Uingereza zilizidi za ndani kwa mara ya kwanza. Nje ndiyo sisi hapa. Ile sheria ya Jumamosi haituhusu, ndiyo maana mtu wa banda umiza Manzese anaangalia mechi ya saa 9 yao (saa 11 au saa 12 jioni kwetu) wakati jirani wa uwanja haruhusiwi kuiona kwenye TV yake. Mwenye baa mmoja wa Portsmouth, Karen Murphy, aliponunua king'amuzi cha Ugiriki ili aonyeshe mechi alipigwa faini, akapambana mpaka Mahakama ya Ulaya mwaka 2011, na 2012 hukumu yake ikafutwa. Na sisi uchungu wa saa kubadilishwa tunaujua. Tarehe 8 Mei 2021 Simba na Yanga ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku siku ile ile ya mechi. Haikuwa kwa sababu ya TV, ilielezwa ni maelekezo ya wizara. Yanga wakaja saa 11 wakaondoka, Simba wakaja kwa saa mpya, mechi haikuchezwa mpaka Julai. Aliyetoka Morogoro kwa nauli yake alirudi na hadithi tu.

Msimamo wangu basi. Kama unaishi karibu na uwanja na kazi yako haina zamu, tiketi ya msimu inalipa. Kama unatoka mbali au mwajiri wako ndiye anayepanga siku zako, ukipiga hesabu za hela tupu ni hasara, na wala usione aibu kuiacha. Ila mimi naona swali la kulipa au kutolipa linamwachia mtu mmoja mmoja mzigo ambao si wake. Bidhaa imebadilika, mkataba haujabadilika. Ukiuza Jumamosi halafu ukaleta Jumatatu, rudisha fungu la pesa kwa mechi hiyo, moja kwa moja, bila kusubiri kama kiti kitauzika. Mikataba ya mabilioni inaweza kubeba hilo. Yule mfanyakazi wa 1850 alipata nusu siku yake kwa sheria, hakupewa kwa huruma. Wajukuu zake wakiitaka irudi, nadhani njia ni ile ile.

Kaka wa Uhasibu, lete hesabu zako. Dada wa Sosholojia, nimekutetea nusu. Mechi ijayo ya Jumatatu inaanza saa 5 usiku kwa saa zetu na Jumanne tuna kipindi saa 2 asubuhi, kwa hiyo TV imeshatupangia na sisi. Tuko pamoja.