Saa Isiyompenda Mvivu

Mwezi wa nne nilipata kazi. Baa moja ya Nairobi, jina lake sitalitaja, ilikuwa inaandaa jioni ya wanaume: wiski, siga (zile sigara nene za majani matupu), na maonyesho ya saa za mkono. Walitaka maneno mia tatu ya kuweka kwenye kadi ya mwaliko. Kichwa walikuwa washakichagua: "Starehe ya Wazee Wetu." Malipo yalitosha kodi ya mwezi mmoja na unga juu yake. Kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa tatu kwa kukosa karo, hiyo si kazi ya kuuliza maswali.

Shida ni kwamba siku hiyo nilikuwa nyumbani Kishushe, na mkononi nilikuwa nimevaa saa ya babu.

Ni Seiko 5. Haina betri wala haitiwi ufunguo. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachozunguka kila mkono unapotikisika, na mzunguko huo ndio unaokaza springi. Ukikaa bure siku mbili, nayo inalala. Babu alikuwa akisema, "Saa hii haimpendi mvivu." Aliinunua kwa mshahara wa shamba la mkonge, na ndiyo iliyonifundisha kusoma saa. "Usisome pale mshale unapoelekeza," aliniambia. "Soma upande wa pili." Mshale mfupi ukiwa kwenye tano, wewe ruka hadi kumi na moja iliyoitazama: saa kumi na moja jioni. Waliotengeneza hicho kioo walianza kuhesabu usiku wa manane. Sisi tunaanza jua linapochomoza.

Basi nikamuuliza nyanya, "Babu alipenda wiski?"

"Wiski ya nani, mjukuu wangu?" akacheka. "Yeye alipenda mbangara. Na hata hiyo mbangara, tama la kwanza alilitema."

Nikaanza kusoma. Kadiri nilivyosoma, ndivyo kile kichwa cha kadi kilivyozidi kunikwama kooni.

Tuanze na saa. Kabla ya 1914, Ulaya mwanamume mwenye heshima aliweka saa mfukoni na kuifunga kwa mnyororo. Saa ya mkono ilionekana pambo la wanawake. Vita Vikuu vya Kwanza ndivyo vilivyobadilisha mambo: askari aliye na bunduki mikononi hawezi kupekua mfuko, na mizinga na askari wa miguu walipaswa kuanza kwa dakika moja. Vita hivyo havikuwa vya Ulaya peke yake, vilifika hapa kwetu. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea huko kwa ajili ya mapigano. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita, wakarudishwa nyuma. Maofisa walikuwa na saa za kupangia mashambulizi. Wapagazi Waafrika walikuwa na mizigo, na makumi ya maelfu yao walikufa katika vita hivyo, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ukipanda matatu ya Kariakor leo, unataja jina la kikosi chao bila kujua.

Sasa chupa. Mwaka 1890, mataifa yenye nguvu yalikutana Brussels na kutia saini mkataba ambao, pamoja na mambo ya biashara ya watumwa, ulizuia pombe kali kuuzwa kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Kenya ilipokuwa koloni, marufuku hiyo ikaendelea. Bia ya chupa Mwafrika aliruhusiwa baada ya Vita Vikuu vya Pili. Wiski na pombe kali nyingine, hadi katikati ya miaka ya 1950. Hebu fikiria: kijana wa Kitaita angeweza kuibeba trei, kusuuza glasi, kumimina, na kuirudisha chupa kabatini. Kuonja ndiko kulikokuwa kosa.

Na hadithi za starehe hiyo tunazijua, kwa sababu zilipigwa picha na kuandikwa. Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kiingereza aliyewaongoza matajiri porini, akiwemo mrithi wa ufalme wa Uingereza, alikuwa akiruka juu ya nyika za Voi kutafuta tembo kutoka angani. Tarehe 14 Mei 1931 ndege yake ndogo iliruka Voi, ikaanguka, ikawaka moto. Amezikwa vilima vya Ngong, Karen Blixen akamwandika, sinema ikatengenezwa. Ndani ya ndege hiyo alikuwamo pia mtumishi wake, Kamau. Yeye alikufa dakika ileile. Tunalijua jina moja tu, basi.

Kwa hiyo wazee wetu walipumzika vipi? Hapo nikarudi kwa nyanya na ile habari ya kutema.

Wataita wana jambo linaloitwa kutasa. Mtu anachukua tama la pombe ya miwa, au maji ya miwa, au maji tu, anaipuliza nje kwa mdomo huku akitamka maneno ya baraka. Anachokitoa ni hasira. Mzee akiwa na kinyongo moyoni, hata cha siri, iliaminika kwamba kinaweza kumdhuru ndugu au mtoto, kwa hiyo lazima akiteme. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuyaandika haya katika kitabu alichokitoa 1978, Casting Out Anger. Soma hiyo tarehe tena. Miaka ileile ambayo sheria ilisema Mwafrika hana uwezo wa kukaa na chupa kali kwa adabu, wazee wa milimani hapa walikuwa na adabu ya kinywaji iliyoanza na kusafisha moyo kabla ya kumeza.

Sisemi kila mnywaji wa mbangara alikuwa mtakatifu. Nyanya mwenyewe atakuchekea ukisema hivyo. Na hata baada ya uhuru serikali haikuacha kuichunga glasi ya maskini. Chang'aa ilipigwa marufuku 1980, ikahalalishwa kwa masharti 2010. Sheria hiyohiyo, watu waliyoiita ya Mututho, ilisema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Saa na glasi zikakutana tena, safari hii kwenye mkono wa askari.

Nikaandika zile maneno mia tatu. Nikaweka sentensi moja: "Kinywaji hiki kilikatazwa kwa baba wa babu yangu." Jibu likaja kwa simu baada ya nusu saa. Kaka, ni poa sana, ila hiyo sentensi inaua mood. Itoe.

Niliitoa. Kodi ilikuwa imefika, na mwenye nyumba hasomi historia.

Kadi ilichapishwa ikiwa na picha ya ndege ndogo na nyika nyuma yake. Sikualikwa. Jioni hiyo nilikuwa Kishushe, ambako ardhi imejaa madini ya chuma na bado saa zetu zinatoka Japani. Nilikuwa na kinyongo, na nilijua ni cha nani: changu juu yangu. Nikachota maji kwenye kikombe, nikapuliza tama la kwanza mlangoni, nikaona haya kidogo kwa sababu maneno yote siyajui. Nyanya akayamalizia kutoka jikoni bila kugeuka.

Na ile sentensi, hapa nimeirudisha.