Istilahi za Ndondi na Usalama wa Kijana: Mazingatio Kutoka Mbulu na Hanang

Baadhi ya watu hudhani kwamba istilahi za michezo ni jambo dogo, na kwamba kazi ya mkuza istilahi ni kushughulikia sheria, sayansi na utawala tu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno la mchezo laweza kumlinda kijana au kumdhuru. Mfano wetu ni ndondi, na mahali tulipoyapima maneno yake ni wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Tulizichagua wilaya hizo kwa sababu ya hali yake ya lugha. Humo wanaishi Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Wadatooga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Na Wanyiramba na Wanyaturu, ambao ni Wabantu. Katika bonde la Yaeda wamo pia Wahadzabe, ambao lugha yao haina undugu uliothibitishwa na yoyote kati ya hizo. Mwalimu wa michezo mwenye wanafunzi wa namna hiyo hana chombo cha pamoja ila Kiswahili. Neno likiwa na utata, hapatakuwa na lugha nyingine ya kulifafanulia mbele ya wote.

Tuanze na historia. Kiswahili hakikuwa maskini wa maneno ya kupigana kwa mikono. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo neno ngumi, na inalo pia konde. Konde hilo la mkono halina budi kutofautishwa na konde la kulimwa. Ndondi na masumbwi nayo yameenea magazetini na redioni. Kwa jukwaa la kupigania, wasemaji waliliendea neno la shambani, yaani ulingo, ambalo asili yake ni dungu la miti analokaa mlinzi kuwafukuza ndege na wanyama waharibifu. Katika kikao chetu huko Hanang, mkulima mmoja mzee alipoulizwa ulingo ni nini, alijibu bila kusita kwamba ni mahali pa kulindia mahindi. Hakukosea. Lakini kijana aliyekaa karibu naye alicheka, kwa kuwa yeye alilijua neno hilo kwa kusikiliza matangazo ya mapambano.

Mchezo wenyewe, kwa sura yake ya sasa, ulikuja na kanuni za Kiingereza zilizochapishwa mwaka 1867 kwa jina la Marquess wa Queensberry. Ndizo zilizoagiza glavu, raundi za dakika tatu, mapumziko ya dakika moja, na sekunde kumi za kumngoja aliyeanguka. Pamoja nazo yaliingia maneno ya mkopo kama raundi, glavu na pointi. Taifa letu liliushika mchezo huo kwa bidii. Titus Simba alipata medali ya fedha huko Edinburgh mwaka 1970 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na Michael Yombayomba akapata dhahabu huko Kuala Lumpur mwaka 1998.

Sasa tuyatazame maneno ya mafunzo, maana hapo ndipo penye hatari. Neno la kwanza ni kinga. Walimu hulitumia kwa maana mbili: kuinua mikono kuulinda uso, na kifaa cha kuvaliwa. Katika shule moja ambayo hatutaitaja, tulielezwa kwamba mwalimu alimwambia mwanafunzi, "Usianze bila kinga." Kijana akainua mikono yake vizuri kabisa, akaanza, akapoteza jino. Mwalimu alikuwa amekusudia kifaa cha mdomoni. Hatuwezi kumlaumu kijana. Aliitii amri kama alivyoielewa.

Twapendekeza basi kwamba tendo liitwe kukinga, na kifaa kiitwe kikinga, kwa kufuata mtindo uliokwisha kuzoeleka wa kizimamoto. Tutapata kikinga-meno, kikinga-kichwa na kikinga-kinena. Kuhusu kikinga-kichwa, yafaa wanafunzi waelezwe kwamba hupunguza michubuko na majeraha ya ngozi, lakini hakiuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Mabondia wanaume wa ridhaa walikivaa katika Olimpiki kuanzia mwaka 1984 hadi 2012, kikaondolewa mwaka 2016. Glavu nazo huhifadhi zaidi mkono wa mpigaji kuliko kichwa cha mpigwaji. Kadhalika gunia la mazoezi: likijazwa mchanga mtupu, mchanga hushuka chini na kuwa mgumu kama jiwe, ukavunja vifundo vya mikono. Matambara ni bora.

Neno la pili ni kumlaza mpinzani. Watangazaji hulipenda, nasi twakiri kwamba lina utamu. Lakini usingizi ni pumziko, na kuzirai kwa pigo la kichwa ni jeraha la ubongo. Kanuni za ndondi za ridhaa zimezoea kumzuia aliyepatwa na hali hiyo asipigane kwa siku zisizopungua 30. Kijana aliyeambiwa kwamba "alilala" ataona ajabu kukatazwa mazoezi baada ya kuamka. Katika mafundisho, tuseme amezirai kwa pigo.

Neno la tatu ni kusalimu amri, linalotumiwa pambano linapokatizwa ili kumnusuru bondia. Hapa Mbulu ina historia yake. John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, aliumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaendelea hadi mwisho, akawa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Kijana wa huko amelelewa na kisa hicho, na ni kisa cha heshima. Lakini goti si ubongo. Mwezi Novemba 1982 huko Las Vegas, Duk Koo Kim wa Korea Kusini alivumilia hadi raundi ya 14 dhidi ya Ray Mancini, akafariki siku chache baadaye. Baada ya hapo Baraza la Ndondi la Dunia lilipunguza raundi za mapambano ya ubingwa kutoka 15 hadi 12. Ikiwa neno letu la kukatiza pambano lina harufu ya woga, mwalimu atachelewa kulitamka na kijana atakataa kulisikia. Twapendekeza kusimamisha pambano, neno lisilomwaibisha mtu.

Twamalizia kwa neno ridhaa. Wasemaji walilichagua kwa mchezo usiolipwa, nalo maana yake ya asili ni kukubali kwa hiari. Lakini hawezi kuridhia hatari yule asiyeelezwa hatari hiyo kwa maneno anayoyafahamu. Mapendekezo haya si sheria. Twawaomba walimu wa michezo wayajaribu viwanjani, kisha watuletee maoni yao, hasa pale yatakapoonekana kushindwa.